Ngome ya Chetambe na Shimo la Shambani

Katika maisha yangu nimefanya makosa mengi ambayo nimekwisha kuyasahau, na wale niliowakosea ama wamenisamehe ama wametangulia mbele ya haki. Lakini liko kosa moja ambalo halikumwudhi mtu ye yote siku lilipotendeka, wala hapana aliyenishitaki kwalo, nalo ndilo lisilotoka moyoni mwangu. Kosa lenyewe ni kwamba nilifukia shimo. Nataka kulieleza jambo hili kwa vijana wanaosoma, kwa sababu nilipolitenda nilikuwa kijana kama wao, tena kijana mwenye sifa ya kupenda vitabu.

Mwaka 1971 nilikuwa kidato cha kwanza katika shule moja karibu na Kitale. Mwalimu wetu wa historia alikuwa mtu mwenye ulimi mtamu. Akisimulia jambo, darasa zima lilinyamaza, hata wale wavulana wa nyuma ambao kazi yao ilikuwa kuchora meza kwa visu. Katika muhula wa mwisho wa mwaka ule alitufundisha habari za Wayunani wa kale na miji yao waliyoijenga juu ya vilima, na katika miji hiyo yote aliusifu zaidi mji wa Mycenae.

Alitueleza kwamba mji huo ulijengwa juu ya kilima kinachotazama uwanda wa Argos, na kwamba kuta zake ni za mawe makubwa mno, yaliyopangwa pasipo chokaa zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Juu ya lango lake kuu wamechongwa simba wawili waliosimama wakielekeana, nao wapo hata leo, ingawa vichwa vyao vimepotea. Mji ulipokwisha kuhamwa, watu waliokuja baadaye hawakuamini kwamba mawe yale yaliinuliwa na wanadamu. Wakasema kuta zile ni kazi ya majitu yenye jicho moja. Msafiri mmoja aliyeitwa Pausanias, aliyepita huko katika karne ya pili baada ya Kristo, aliyaandika maneno hayo. Kisha, mwaka 1876, Mjerumani Heinrich Schliemann alichimba ndani ya lango lile, akafukua makaburi ya wakuu waliozikwa pamoja na dhahabu nyingi, na nyuso za baadhi yao zilikuwa zimefunikwa kwa vinyago vya dhahabu.

Tulisikiliza kama watu walioonyeshwa hazina. Alipomaliza, mwenzetu mmoja akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, na sisi, magofu yetu yako wapi?"

Mwalimu hakukasirika. Alitabasamu kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko ambavyo ukali ungaliniuma. Alisema, "Wazee wetu walijenga kwa udongo, miti na nyasi. Udongo hurudi udongoni. Huku kwetu hakuna kitu cha namna hiyo." Kisha akafuta ubao.

Jibu lile nililipokea kama kweli tupu. Sikuona haya kwa sababu ya mwalimu; niliona haya kwa sababu ya wazee wangu. Nilijiuliza walikuwa wakifanya nini miaka ile yote ambayo wenzao walikuwa wakiinua mawe.

Shule ilipofungwa nilirudi nyumbani. Shamba letu lilikuwa upande wa kaskazini wa Kitale, mahali ambapo asubuhi mtu huuona Mlima Elgon upande mmoja na vilima vya Cherangani upande wa pili. Baba yangu alikuwa Mbukusu wa Bungoma, naye alilipata shamba hilo kwa mkopo miaka michache baada ya uhuru wa 1963, wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipokatwa vipande na kugawanywa. Kila senti ya mkopo ule aliijua, na kila hatua ya ardhi ile aliipenda.

Katika shamba hilo palikuwa na mashimo matatu, kando ya mteremko. Hayakuwa mashimo ya kutisha. Kila moja lilikuwa na umbo la bakuli, upana wake hatua kumi na mbili hivi, na kina chake kiasi cha kimo cha mtoto mdogo. Upande wa chini, shimo lilikuwa limeachwa wazi kama mdomo, na karibu na mdomo huo palikuwa na tuta la udongo mweusi lililoota majani marefu. Majirani waliyaita mashimo ya Wasirikwa. Tulipouliza Wasirikwa ni nani, tuliambiwa ni watu wa zamani waliokuwa na ng'ombe wengi, wakaondoka. Hapo maelezo yalikoma, na sisi hatukutafuta mengine.

Mwaka huo ndama wetu mmoja alianguka katika shimo la juu, akavunjika mguu. Tena maksai walipolima walilazimika kulizunguka, na mahali pale pote pakapotea bure. Baba akasema, "Mahindi hayapandwi katika bakuli." Akanipa mimi na ndugu yangu mkubwa majembe mawili na toroli, akatuamuru tulifukie kabla ya mvua za Machi.

Tulifanya kazi ile kwa siku tisa. Tulilichimba tuta lile la udongo mweusi, tukalimwaga shimoni. Katika udongo huo mlikuwa na mifupa ya wanyama iliyovunjika, majivu, na vigae vya vyungu, vingine vimepambwa kwa mistari. Nakumbuka nilikishika kigae kimoja kipana kama kiganja, nikakipangusa, nikaona mapambo yake, nikakitupa pamoja na udongo. Kichwani mwangu wakati ule mlikuwa na simba wa Mycenae. Nilikuwa nikimsimulia ndugu yangu habari za Schliemann na dhahabu yake, huku mikono yangu ikifukia kile nilichokuwa nikikililia darasani.

Mwezi wa Machi shamba likalimwa moja kwa moja, pasipo kuzunguka. Baba alifurahi sana.

Mwezi wa Agosti mwaka 1972 nilitumwa Bungoma kwa nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi kwa lugha yetu humwita kukhu. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa tohara, kwa maana Babukusu hutahiri katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na binamu yangu mmoja alikuwa aingie jandoni. Siku za ngoma zilipokwisha nilibaki na kukhu kwa juma zima. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache, na alipenda nimsomee barua za watu wote waliomletea barua.

Jioni moja aliniuliza, "Huko shuleni wanakufundisha nini, mjukuu wangu?"

Nikamweleza habari za Mycenae. Nilimweleza kwa majivuno: kilima, kuta, lango, simba, na wafu waliovikwa dhahabu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo mwalimu hakutuambia.

"Kwa nini walijenga juu ya kilima?"

Nilifikiri kidogo. "Kwa sababu ya adui, kukhu."

"Na ndani ya kuta walikuwamo nani?"

"Mfalme na askari wake."

"Wanawake je? Watoto? Ng'ombe walilazwa wapi?"

Sikujua. Akasema, "Kesho tutakwenda mahali."

Asubuhi tulipanda basi mpaka Webuye, mji ambao zamani za ukoloni uliitwa Broderick Falls kwa ajili ya maporomoko ya mto Nzoia yaliyo karibu nao. Kutoka hapo tulipanda kilima kwa miguu. Kukhu alitangulia, akiegemea fimbo, naye hakupumzika ila mara mbili. Mimi niliyekuwa na miguu ya ujana nilikuwa nyuma nikihema. Aliniambia tunakwenda Chetambe, mahali palipokuwa na ngome. Neno ngome liliniamsha. Nikaanza kuyatafuta mawe kwa macho.

Tulipofika juu sikuona mawe yaliyopangwa. Niliona tuta la udongo lililomomonyoka, na handaki refu linalozunguka, ambalo mahali pengine lilikuwa limejaa majani na mahali pengine limekuwa njia ya ng'ombe. Mtoto mmoja alikuwa akichunga mbuzi ndani yake. Chini yetu, mbali, mto Nzoia uling'aa, na nchi ya Bungoma ilitandazwa kama mkeka. Mandhari ilikuwa nzuri, lakini ngome sikuiona. Nikasema, "Kukhu, ngome yenyewe iko wapi?"

"Umesimama ndani yake," akanijibu.

Basi akaketi juu ya tuta, akanieleza. Mengine nimeyasoma baadaye katika vitabu, nami nitayachanganya na maneno yake, ili msomaji apate habari kamili.

Zamani Babukusu na jirani zao Watachoni hawakukaa katika nyumba zilizotawanyika kama sasa. Walikaa katika miji iliyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki, nasi huiita chingoba. Mskoti Joseph Thomson alipopita pande hizi mwaka 1883 aliiona miji ya namna hiyo yenye kuta. Ilijengwa kwa sababu ya vita vya mipakani, maana ng'ombe walikuwa mali, na mali haikosi wenye kuitamani. Milango yake ilikuwa myembamba. Usiku ng'ombe waliingizwa ndani, mlango ukazibwa kwa magogo. Chetambe ilikuwa ngome ya namna hiyo, ila ilipata nguvu zaidi kwa kuwa juu ya kilima. Na jina lake ni jina la Mtachoni aliyekuwa mkuu wa mahali hapo.

Waingereza walipoweka kituo chao Mumias mwaka 1894, ukatokea ugomvi juu ya bunduki zilizokuwa mikononi mwa Babukusu. Kikosi cha askari Wasudani kilitumwa kuzidai, kikashindwa, na wengi wao wakauawa. Mwaka uliofuata, 1895, Charles William Hobley, aliyekuwa mtawala wa Mumias, alikusanya jeshi la kulipiza kisasi: askari Wasudani, wasaidizi kutoka Buganda na watu wa makabila mengine. Walipiga kwanza ngome ya Lumboka, kisha wakaja Chetambe. Kuta ambazo zilitosha kuzuia mikuki hazikutosha kuzuia bunduki za Waingereza. Watu wengi waliuawa, wengine walitekwa, na ng'ombe wakachukuliwa. Tangu siku hiyo upinzani wa silaha wa Babukusu ukavunjika.

Hayo ndiyo yaliyomo katika vitabu. Yasiyomo ni haya aliyoniambia kukhu. Mama yake alikuwa ndani ya ngome ile siku ya vita, akiwa msichana ambaye bado kuolewa. Alikuwa amemshika mkono ndugu yake mdogo. Risasi zilipoanza, vumbi na moshi vilijaa hata mtu hakumwona aliye mbele yake, na watu wakasukumana kuelekea mlangoni. Mkono wa mtoto ukamponyoka. Yeye alitoka, mtoto hakutoka. Kwa maisha yake yote mama huyo hakuweza kusema mtoto yule alianguka mahali gani, na kwa hiyo kila alipolitaja handaki alilitaja lote, kama kaburi moja.

"Ndiyo sababu sikai upande ule wa ndani," kukhu akasema. "Mimi hukaa hapa juu ya tuta."

Nilitazama chini, nikaona nimesimama katikati ya handaki. Nikatoka upesi.

Akaendelea kunieleza kwamba mwaka 1947 alipanda pale pamoja na umati mkubwa wa watu. Waliongozwa na Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, nao walikwenda kuwakumbuka wale waliouawa mwaka 1895. Hawakuwa na silaha za kupigana na serikali. Hata hivyo serikali ya kikoloni iliingiwa na wasiwasi, na mwaka uliofuata dini hiyo ilipigwa marufuku, na Masinde akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Nimefikiri mara nyingi juu ya jambo hili. Tuta la udongo lililomomonyoka halimdhuru mtu. Kilichoogopwa si tuta, bali watu waliojua tuta lile ni la nini.

Tuliposhuka nilikuwa kimya. Nililinganisha mji wa Wayunani na mji wetu, nikaona kwamba mwalimu wangu alikuwa amesema kweli nusu. Ni kweli udongo hurudi udongoni. Lakini Pausanias alipofika Mycenae alikuta mawe yamesimama na kumbukumbu ya waliojenga imekufa, hata watu wakayataja majitu. Mimi nilifika Chetambe nikakuta kuta zimelala, na kumbukumbu iko hai, imeketi juu ya tuta na fimbo mkononi. Sikuweza kusema ni mji upi kati ya hiyo miwili uliobomoka zaidi.

Ndipo nilipokumbuka mashimo yetu. Nikasema kama mtu anayezungumza habari ndogo, "Kukhu, hata shambani kwetu Kitale yako mashimo ya watu wa kale. Moja tumelifukia."

Alisimama njiani. "Ya watu gani?"

"Wasirikwa. Lakini hao hawapo tena."

"Hawapo kwa nani?" akauliza. Kisha akaniambia kwamba katika masimulizi ya safari za Babukusu, Sirikwa ni jina la mahali ambapo wazee wetu walipita na kukaa, kabla ya kufika Mwalie na kutawanyika katika nchi hii. "Sijui kama mashimo yenu ni ya hao au ya wengine," akasema. "Lakini wewe ulijuaje kwamba si ya kwenu, hata ukayafukia?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina. Waliobobea katika mambo ya kale hawalitumii jina hilo kama sisi tulivyolitumia, na Wakalenjin nao wana masimulizi yao juu ya Wasirikwa, ambayo yana haki ya kusikilizwa kuliko yetu labda. Lakini swali la kukhu halikuwa juu ya nani mwenye shimo. Lilikuwa juu ya mtu anayefukia kabla ya kuuliza.

Miaka ilipita, nikawa mwalimu, nami nikaanza kusoma juu ya mashimo yale. Nilijifunza kwamba yametapakaa katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, tangu Nakuru hata Mlima Elgon. Kule Hyrax Hill, Nakuru, Mary Leakey alichimbua baadhi yake mwaka 1937 na 1938. Zamani watu wengi walidhani yalikuwa nyumba zilizochimbwa ardhini. Katika miaka ya 1960 mtaalamu John Sutton alionyesha kwamba sivyo: shimo lilikuwa zizi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walilazwa humo usiku, na nyumba ndogo ya mviringo ilijengwa pembeni, mlango wake ukitazama zizini, ili mwenye mali alale karibu na mali yake. Mlango wa zizi ulikuwa mmoja tu na mwembamba. Watu hao waliishi hivyo kati ya mwaka 1200 na mwaka 1700 hivi. Na lile tuta la udongo mweusi mbele ya mdomo wa shimo ni samadi na takataka walizozoa zizini na nyumbani kwa miaka mingi, wakazimwaga nje.

Niliposoma habari ya tuta nilifunga kitabu. Kwa maana mtaalamu akitaka kujua watu wa kale walikula nini, walifuga nini, walifinyanga vyungu vya namna gani na waliishi lini, hatazami ukuta. Hutazama jaa lao, tabaka kwa tabaka, la chini likiwa la kwanza na la juu likiwa la mwisho. Sisi tulilikoroga jaa hilo kwa siku tisa. Kama mtu angalitaka kukichoma kitabu kimoja tu kilichoandikwa na watu wale, asingalichagua vizuri kuliko tulivyochagua mimi na ndugu yangu.

Nilipata faraja kidogo, nayo ni faraja ya aibu, nilipojua kwamba hata Schliemann hakuwa na mikono misafi. Kabla ya Mycenae alichimba mahali paitwapo Hisarlik, katika Uturuki, akiutafuta mji wa Troya. Kwa haraka ya kuufikia alikata mtaro mkubwa katikati ya kilima, akapita ndani ya tabaka za miji mingi iliyolala mmoja juu ya mwingine, na mji alioutangaza kuwa ndio ulionekana baadaye kuwa wa zamani zaidi kuliko ule aliokuwa akiutafuta, kwa miaka zaidi ya elfu. Yeye aliharibu kwa kupenda kupita kiasi. Mimi niliharibu kwa kutojua. Ardhi haikututofautisha.

Baba yangu alipofariki, tuligawana shamba, mimi na ndugu yangu. Mashimo mawili yalikuwa yamebaki. Ndugu yangu ana watoto saba, nami ninao wanne, na eka hazizai eka. Nilimwomba tuyaache yote mawili. Akanijibu kwa upole: "Ndugu yangu, wewe una mshahara wa ualimu. Mimi nina jembe. Je, nitawapa watoto habari za Wasirikwa wakiniomba ugali?"

Naomba msomaji asimhukumu kwa haraka. Ni rahisi mtu aliyeshiba kumwambia mwenye njaa ayatunze mambo ya kale. Tulizungumza jioni nyingi, na mara moja tuliachana bila ya kuagana. Mwisho tulipatana hivi: nilimwachia sehemu tambarare ya chini, yenye rutuba na iliyo karibu na maji, mimi nikachukua sehemu ya mteremko yenye shimo la kati. Shimo la tatu lilikuwa ndani ya sehemu yake, naye alilifukia mwaka uliofuata. Nilikwenda siku hiyo. Sikwenda kumzuia, kwa kuwa shamba lilikuwa lake. Nilimwomba ruhusa nipime upana na kina kabla hajaanza, nikachora umbo lake katika daftari, nikaokota vigae vilivyotoka katika tuta nikavitia katika kikapu, huku nikiandika kila kimoja kilitoka wapi. Ndugu yangu aliposhuhudia hayo aliweka jembe chini, akanisaidia kushika kamba.

Shimo la kati liko hata sasa. Nimelizungushia ua wa miti, na mbuzi hawaingii. Kila mwaka huwaleta wanafunzi wa shule ya jirani, wakalizunguka, wakahesabu hatua, wakasimama katika mdomo wake. Kisha hupelekwa Kitale mjini, katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974, wajue kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuvitunza vitu kama hivi. Na kila inapowezekana, huwapandisha Chetambe. Huko hatuingii handakini. Huketi juu ya tuta, upande ule ule.

Mwaka jana, tulipokuwa kando ya shimo, msichana mmoja aliniuliza kama waliolichimba walikuwa watu wa kabila gani. Nikamwambia kwamba wapo wanaosema hivi na wapo wanaosema vile, na kwamba huenda yeye atakuja kulijua jambo hilo vizuri kuliko mimi. Akafikiri, akauliza tena: "Na yale mengine mawili yako wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Ilikuwa mwezi wa Julai, na mahindi yalikuwa yamekwisha kupita kimo cha mtu. Katika shamba la ndugu yangu zilionekana sehemu mbili za mviringo ambapo mabua yalikuwa manene na marefu kuliko mengine yote, na rangi yake ni kijani kizito, kwa sababu ya samadi ya ng'ombe waliolala pale miaka mia kadha iliyopita.

"Moja alilifukia ndugu yangu," nikamwambia. "La kwanza nililifukia mimi."

Alinitazama, akatoa penseli, akaandika.